Buhembe Walinisifu, Muleba Waliniomboleza

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana habari hii siisemi kwa sauti kubwa. Na kabla sijaianza nikueleze jambo moja la kwetu. Bila hilo utawaona watu wa kijiji chetu kama wajinga, na hawakuwa wajinga.

Kwetu Muleba, mtu mzima yeyote aliyenitangulia kuzaliwa hawezi kumtazama mtu aliyekonda kwa moyo mtulivu. Ukimwi ulipoingia Kagera, kabla dawa hazijafika, ugonjwa ulijitangaza kwa kukonda. Shavu liliingia ndani, shati likapwaya, mkanda ukatobolewa tundu jipya, na majirani wakajua. Walileta mayai, wakakaa kidogo, wakaondoka. Baada ya muda walirudi na majembe. Ndiyo maana nyuma ya nyumba yetu, katika kibanja, kati ya migomba na mibuni, kuna makaburi ya watu ambao hawakuuona uzee. Moja ni la mama yangu.

Mimi niliambiwa alikufa kwa homa. Alikuwa amerudi kwao kuugulia, akiwa na mimi mgongoni. Baba alikwenda kutafuta maisha machimboni na hakurudi. Akanilea bibi, mama yake mama.

Bibi alinilisha kama mtu anayejaza ghala kabla ya mvua. Jioni alipakua ebitoke, ndizi zetu za kupikwa, na maharage juu ya jani la mgomba, tukakaa kuzunguka jani hilo, na sehemu iliyokuwa mbele yangu haikuisha, kwa sababu aliisukumia ya kwake. Asubuhi aliniminya mkono wa juu, pale chini ya bega, akatabasamu. Wageni walipokuja na kupewa kahawa za kutafuna, aliniita nisimame mbele yao.

"Mtazameni," alisema. "Mtazameni alivyonona!"

Nilikua nikiamini kwamba kunona ni sifa, kama kuwa na akili darasani. Sikujua kwamba kwa bibi ilikuwa zaidi ya sifa. Mama yangu alipokufa, hakuna aliyethubutu kunipeleka kupimwa. Bibi aliogopa jibu, akaamua kunitazama tu. Kila mwaka niliomaliza nikiwa na mashavu, kwake ulikuwa ni jibu. Hayo niliyajua baadaye sana.

Nilipofaulu kwenda sekondari nikahamia Bukoba, Buhembe, kwa mama mdogo. Huyu ndiye mtoto pekee wa bibi aliyebaki. Alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ndiyo ilikuwa kiwanda: mashine mbili, pasi ya mkaa ya akiba kwa siku za kukatika umeme, vitambaa hadi chini ya kiti. Alishona hasa nguo za harusi na sendofu. Ijumaa na Jumamosi sebule ilijaa wasichana wa sare, wale wanaomsindikiza bibi harusi, kila mmoja na simu mkononi.

"Nitolee hivi hivi," mmoja alisema, akionyesha picha.

"Nguo nitakutolea hivi hivi," mama mdogo akajibu, pini zikiwa mdomoni. "Mwili ni kazi ya Mungu, mimi siushoni."

Walicheka mpaka mashine ikasimama. Mwingine akalalamika kuwa zipu yake imekataa.

"Zipu haina kosa, dada. Zipu ni ileile ya mwezi uliopita."

Kulikuwa na furaha katika chumba kile, nataka ulijue hilo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mtoto anayekaa pembeni akifungua mishono anasikia yote, na mambo yote yaliyosemwa pale yalikuwa ni tumbo, kiuno, mikono, mgongo uliojikunja chini ya sidiria. Nilijifunza kuugawa mwili vipandevipande kabla sijajifunza kugawa aljebra.

Mama mdogo alinitumia kama sanamu. Mteja asipokuwepo, alinivika gauni ili aone pindo linavyoanguka. Siku moja nilikuwa nimesimama hivyo juu ya stuli, gauni la rangi ya zambarau limenibana kwapani, msichana mmoja akaniangalia akiwa anakula karanga.

"Huyu mtoto naye! Mikono kama mama mwenye nyumba!"

"Mwache," mwenzake akasema, "hiyo ni ndizi ya Muleba. Haitoki kwa sabuni."

Nikacheka nao. Ungecheka pia. Binti wa umri ule akichekwa hucheka, kwa sababu kulia ni kukubali. Lakini usiku ule nilijiminya mkono pale chini ya bega, na nyama ileile iliyokuwa furaha ya bibi nikaiona kama uchafu.

Shuleni mambo yalikuwa hivyohivyo, ila kwa siri zaidi. Deski moja nilikaa na msichana mwembamba, mzuri, ambaye alivaa sweta hata jua likiwa kali. Yeye ndiye aliyenifundisha. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinionyesha tu picha katika simu ya dada yake siku za Jumapili, wasichana wenye viuno ambavyo leo najua vilipunguzwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Tulikuwa kikundi kidogo, na tulikuwa na salamu yetu.

"Umeshinda na nini?"

"Chai ya rangi tu."

"Hongera!"

Hongera, kama mtu aliyefaulu mtihani. Ugali wa shule tuliwapa wengine, na kila tuliyempa tulimdharau kidogo moyoni. Nakueleza hili kwa sababu watu hudhani binti anayejinyima chakula anajichukia tu. Mwanzoni hajichukii. Mwanzoni anajiona shujaa.

Kisha Kwaresima ikaingia, na hapo nikapata pazia. Sisi ni Wakatoliki wa kufunga kweli. Nilipokataa chakula cha jioni, mama mdogo alinisifu mbele ya wateja kwamba mtoto huyu ana dini. Nikaacha nyama, nikaacha ndizi, nikaacha hata maziwa. Pasaka ikafika, watu wakala, mimi nikaendelea kufunga bila Mungu.

Na mwili ukatii. Magauni yakaanza kuteleza juu yangu bila kubanwa. Wasichana wa sare waliponikuta juu ya stuli waligeuza maneno yao.

"Jamani! Ni yule yule?"

"Mama, huyu umuweke dirishani, utamaliza vitambaa vyote Bukoba!"

Mama mdogo akanipiga picha nimevaa gauni la mteja, akawa anaionyesha kwa kila anayekuja. Utaniuliza, yeye aliyemzika dada yake, hakuona? Nami nimejiuliza. Nadhani anayekutazama kila siku haoni. Unampungukia kidogo kidogo kama sabuni. Tena sifa zilikuwa nyingi, na sifa ni kelele. Hakusikia nywele zangu zikibaki kwenye kitana. Hakujua kwamba siku zangu za mwezi zilikuwa zimekatika. Hakujua kwamba kwenye ngazi za shule nilishika ukuta. Mimi mwenyewe niliisikia baridi ile ya mwenzangu wa sweta ikiingia mifupani, na nikafurahi. Nilidhani nimefika.

Desemba shule ikafungwa, nikapanda gari kwenda nyumbani. Njia nzima, tangu Kemondo mpaka Muleba, nilikuwa nawaza uso wa bibi. Nilidhani atashangaa jinsi nilivyokuwa mrembo. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoshonewa na mama mdogo, imenikaa vizuri kiunoni.

Bibi alikuwa stendi, amejifunga kanga mbili, mkono juu ya macho kuzuia jua. Aliniona. Akatazama nyuma yangu, kama mtu anayengoja abiria mwingine ashuke. Kisha akarudisha macho kwangu. Hakuniminya mkono. Alichukua begi langu akaliweka kichwani, yeye mzee, mimi nikibaki mikono mitupu.

"Bibi, nipe nibebe."

"Usibebe," alisema. "Twende polepole."

Nyumbani kila kitu kilikuwa kimegeuka. Alinitengea sahani. Sisi tuliokula pamoja kwenye jani moja maisha yangu yote, sasa mimi nilikuwa na sahani yangu, na juu yake ndizi zilizopondwa laini, supu ya samaki, yai. Nilifurahi, maana juu ya jani kila mtu anaona upande wako umebaki, lakini sahani unaweza kuondoka nayo. Nyuma ya jiko kulikuwa na mbwa. Mbwa yule alinenepa.

Majirani wakaanza kuja. Walileta mayai kwenye kikapu, kuku mmoja, maziwa katika chupa. Walikaa, wakatafuna kahawa, wakanitazama na kuangalia pembeni. Walipoondoka walimwambia bibi, "Pole." Walimwambia bibi, si mimi. Nikadhani labda amefiwa na mtu nisiyemjua.

Ukweli niliupata kisimani. Nilikuwa nimeshuka na ndoo ndogo, ile pekee ambayo bibi aliniruhusu, nikasikia sauti za wasichana wawili wa jirani kabla hawajaniona. Migomba ilikuwa katikati yetu.

"Usinywe na kopo hilo!"

"Kwani lina nini?"

"Jana alinywea yule wa nyumba ya juu."

"Si anasoma Bukoba?"

"Asome nini! Amekuja kufia kwao kama mama yake. Hukuiona ile mikono?"

"Mama yake si alikufa kwa homa?"

Mwenzake akacheka, si kwa ubaya sana, alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto. "Homa! Homa gani inamaliza nyumba nzima?"

Sikuteka maji. Nilirudi juu, nikamkuta bibi amekaa chini akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe. Nikakaa mbele yake. Nikamuuliza mama alikufa kwa nini.

Kisu kilisimama.

"Nani amekwambia?"

"Sijaambiwa. Nimesikia."

Alisukuma maganda kando. Kisha akanieleza, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama anamweleza padri. Aliniambia kuhusu mama, na wajomba zangu waliomtangulia, na jinsi ambavyo hakunipeleka kupimwa. "Nilisema nitakutazama. Ukinona, basi Mungu amekuepusha. Nilikutazama kila asubuhi. Sasa nimeona. Imekuja."

"Bibi, siumwi."

"Na mama yako alisema hivyo."

"Siumwi, bibi. Sili. Ninaacha mwenyewe."

Alinitazama kama nimezungumza lugha ya watu wengine. "Huli? Bukoba kuna njaa?"

"Hakuna njaa. Nataka niwe mwembamba."

"Mwembamba ili iweje?"

Jaribu kulijibu swali hilo, wewe unayenisikiliza. Nilikuwa na majibu mengi nilipokuwa juu ya stuli Buhembe. Pale mbele ya maganda ya ndizi lilibaki moja tu. Nilisema, "Wanasema napendeza."

Bibi akaweka kisu chini.

"Mama yako alikuwa analilia ndizi," alisema. "Alikuwa na vidonda mpaka kooni. Nampondea, nalainisha kwa mchuzi, namwekea mdomoni kwa kidole, haishuki. Analia, anaomba nyingine, haishuki. Wewe inashuka. Halafu unakataa?"

Natamani ningeweza kukuambia kwamba siku hiyo nilikula nikapona. Hadithi nyingi huishia hapo. Lakini kama una binti nyumbani, ni lazima nikuambie ilivyo kweli: maneno yale yalinichoma, na aliyechomwa hapati njaa. Nilijaribu kula jioni ile, mbele yake, machozi yakinitoka. Tumbo lililozoea kukaa tupu lilikataa, nikatapika nje. Bibi alinisikia. Kwake huo ukawa ushahidi mwingine.

Kesho yake nilimwomba twende kituo cha afya. Alivaa gauni lake la kanisani. Muuguzi alitupokea vizuri, akatupeleka chumba cha ushauri, akanitoa damu. Majibu yalipokuja alituambia wazi, kwa Kiswahili na tena kwa Kihaya ili bibi asikose neno, kwamba sina virusi, kwamba damu yangu imepungua sana kwa sababu ya kutokula, na kwamba huo nao ni ugonjwa, unaweza kuua, na una njia yake ya kutibiwa. Akanielekeza kurudi kila wiki.

Mimi nililia kwa faraja. Bibi alishukuru kwa adabu. Tulipofika barabarani akasema, "Muuguzi mwema. Hata mama yako walimwambia ni malaria."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi iliyokuwa mbele yangu. Bibi alikuwa amezika watoto waliopewa majibu mazuri. Maneno ya hospitali hayakuwa na uzito kwake. Kitu kimoja tu kingemwondolea msiba ule moyoni: nyama juu ya mifupa yangu. Alikuwa mzee, kifua kilimsumbua, na alikuwa ameanza kuniomboleza nikiwa hai. Nilitaka anione nimepona kabla hajaondoka. Sikutaka kingine.

Nikarudi Buhembe na azma hiyo, na nikagundua jambo chungu. Kushuka kulikuwa na wasaidizi wengi. Kupanda sikuwa na mtu. Kila kijiko nilikipigania. Nilikula nusu ya ndizi nikahisi nimejaza dunia. Na mara mashavu yalipoanza kurudi kidogo, sauti zilikuwepo zikiningoja.

"Ee, mwanamitindo! Umeanza kujisahau?"

"Angalia, utarudi kuwa ndizi ya Muleba!"

Wiki hiyo sikula. Ndipo mama mdogo, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Alizima mashine. Alisimama katikati ya sebule yake na futi ya kupimia shingoni, akasema, "Kuanzia leo, atakayetaja mwili wa mtu humu ndani achukue kitambaa chake aende." Mmoja alidhani ni utani, akajibu utani. Mama mdogo alimkunjia kitambaa chake vizuri, akamkabidhi. Hatukumwona tena, wala wenzake, na Krismasi iliyofuata kazi zilikuwa chache. Picha yangu aliifuta bila kuniambia.

Tukaanza kula pamoja, yeye na mimi, sahani zikiwa karibu. Hakunihimiza. Alikula chake taratibu, akanisimulia habari za mama yangu alipokuwa msichana: kwamba alikuwa mwizi wa karanga, kwamba alicheka mpaka akaanguka. Sikuwa nimewahi kusikia hayo. Wakati anasimulia nilijikuta nimemeza.

Lakini mwili hauharakishwi. Masika yalipoanza tukaitwa Muleba, kifua cha bibi kimebana. Nilikuwa nimepata nafuu, naweza kupanda kilima bila kusimama, ila kwa macho ya mtu aliyenilea nilikuwa bado mfupa. Nilikaa karibu na kitanda chake, nikala mbele yake makusudi, ndizi na maharage, kwa mkono, ili aone. Alitazama kila tonge.

"Kula, mwana wange," alisema. "Kula, hata kama ni bure."

"Si bure, bibi. Ninapona."

Akanipapasa shavu. Hakuamini. Nilikiona kile kitu machoni pake, upole wa mtu anayekubali uongo ili asikuumize.

Alifariki baada ya siku chache. Wanaume walipokuja kuuliza kaburi lichimbwe wapi, mama mdogo aliwaonyesha mahali pembeni ya kaburi la mama, pakiwa wazi, pamepaliliwa, hapajapandwa kitu. Nilishangaa, maana bibi hakuacha hata kiganja cha ardhi bila mgomba. Mama mdogo akanivuta kando.

"Alipatenga tangu Desemba," alisema. "Palikuwa pako. Juzi akaniambia, 'Nizikeni mimi pale. Nikijaza pale, pengine mtoto atakosa nafasi.'"

Akazikwa pale. Waombolezaji walipotupa udongo walinitazama mimi, wakanong'ona, na sikuwalaumu. Walikuwa wamezoea kwamba kaburi moja humvuta mwenzake.

Leo mimi ni mtu mzima, nina afya, nafundisha shule. Mashavu yamerudi, na kuna siku bado nakaa mbele ya chakula kama mtu aliyekaa mbele ya mtihani. Ninakula. Siku hizo huwa namfikiria bibi, aliyeondoka na hofu ambayo sikuwahi kuweza kumwondolea. Wale walionisifu hawakuniuliza. Wale walioniomboleza hawakuniuliza. Mwaka mzima mwili wangu ulijadiliwa katika wilaya mbili, na hakuna mdomo uliouliza swali moja dogo.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama kuna binti karibu nawe ambaye nguo zimeanza kumpwaya, usimpongeze, na usimlilie. Usiseme neno lolote juu ya mwili wake. Pakua chakula chako na chake, keti naye mahali pasipo na watu, umuulize kwa upole, "Leo umekula nini?" Msikilize mpaka amalize. Asubuhi mshike mkono mwende kituo cha afya.